Mama Yake Nani?

Nyumbani kwetu Kikwajuni, Unguja, tulikuwa na mchezo ambao sikuwahi kuuona kwa watoto wa nyumba nyingine. Mmoja anapiga kelele "Gadavu!" na waliobaki wanasimama wima kama nguzo, mikono ubavuni, pumzi ndani. Anayetikisika katoka. Mama alitwambia kwamba yeye na ndugu zake walifundishwa mchezo huo na babu yao, mzee wa Kingazija, wa visiwa vya Komori, ambaye mtaa mzima ulimwita Babu Mfaransa. Nilishapita miaka arobaini siku niliyosikia kwenye televisheni ofisa wa Kifaransa akiwaamrisha askari wake, nikaganda jikoni na sahani mkononi. Garde-à-vous. Ndiyo "mguu sawa" yao. Miaka yote ile tulikuwa tukicheza gwaride la mkoloni uani kwetu, chini ya kamba ya nguo.

Siku hiyohiyo nilimwomba mama anishushie bati la biskuti lililokuwa juu ya kabati.

Babu Mfaransa alifariki 1958, mama akiwa na miaka 12. Alichoacha ni kile kilichokuwa ndani ya bati: nishani ya shaba iliyofungwa kwenye kitambaa cha kanga, na ukurasa mmoja wa kitabu chake cha jeshi, mchwa wamekwisha kula zaidi ya nusu. Nishani ina kichwa cha mwanamke aliyevaa kofia ya chuma upande mmoja, na upande wa pili maneno ya Kifaransa ya "Vita Kuu" na miaka 1914-1918. Utepe wake wa mistari myekundu na myeupe umefifia, ule wekundu umekuwa rangi ya chai. Kwenye ukurasa zilisalia tarakimu tatu za mwisho za namba yake ya jeshi, na herufi chache za jina.

Habari nyingine zote zilikuwa za mdomo. Mjomba, kaka yake mama, alisema mzee alipigana Verdun, kule Ufaransa, katika mapambano makubwa ya 1916. Alisema ni mtu wa Moroni, kisiwani Ngazija, wa ukoo mkubwa. Mama hakusema mengi. Alichokikumbuka yeye ni kwamba babu yake hakukubali kukaa na mtu kushotoni kwake. Barazani alichagua pembe ya mwisho, watu wote wawe kuliani, na mtoto aliyemletea kahawa kwa upande wa kushoto alisimama na kikombe mpaka kikapoa.

Nilidhani nikishakuwa na jina, visiwa na vita, kazi imekwisha. Nilianzia pale ambapo kila mtu huelekezwa kuanzia: kumbukumbu za jeshi la Ufaransa zilizowekwa kwenye intaneti, zenye kadi zaidi ya milioni moja na laki tatu za askari waliokufa katika vita ile. Nikatafuta usiku baada ya usiku, wiki tano nzima. Wangu sikumwona. Niliwaona wengine, vijana wa visiwa vilevile, kila mmoja na kadi yake: jina, namba, mahali alipozaliwa, alivyokufa. Huyu kauawa na adui. Yule kafa hospitalini kwa ugonjwa aliouchukua kazini. Kuna usiku niliacha kumtafuta wangu nikawa nawasoma wao tu, mmoja mmoja, nikiwatia rehema, maana nilijiuliza ni nani mwingine aliyepata kuzifungua kadi zile kwa ajili yao.

Ilikuwa hadi wiki ya sita ndipo lilipokuja swali ambalo mtoto mdogo angeuliza mwanzo. Zile ni kadi za waliokufa. Wangu alirudi, akaoa Unguja, akazaa, akacheza gadavu na wajukuu. Atakuwaje humo? Anayemtafuta askari aliyerudi akiwa hai asipite njia hiyo kabisa. Habari za askari mmoja mmoja ziko kwenye rejista za uandikishaji, na kwa watu wa makoloni nyingi zimehifadhiwa katika kituo cha kumbukumbu za wanajeshi kilichoko Pau, kusini-magharibi mwa Ufaransa.

Kosa la pili lilikuwa la jina la nchi. Nilikuwa nikitafuta Komori. Lakini wakati ule Komori haikusimama peke yake. Maore ilichukuliwa na Wafaransa 1841, Ngazija, Nzwani na Mwali zikawekwa chini ya himaya 1886, kisha sheria ya 1912 ikavifanya visiwa vyote koloni na kuvitia mikononi mwa serikali ya Madagaska, kule Antananarivo, hali iliyodumu mpaka 1946. Kwa karani wa jeshi, kijana wa Ngazija aliyeandikishwa mwaka 1916 au 1917 alikuwa mtu wa "Madagaska na maeneo yake". Madagaska ilitoa askari zaidi ya 40,000 katika vita ile, na Wangazija wetu wamezama ndani ya hesabu hiyo kama chumvi ndani ya maji.

Kosa la tatu ndilo lililoniumiza kichwa zaidi, na hapa nalimshukuru dada mmoja wa Kingazija anayeishi Marseille, ambaye nilijuana naye kwa ndugu wa ndugu. Nilikuwa nikiandika majina kama tunavyoyaandika sisi. Akanipigia simu akasema: acha kuyatazama, yasome kwa sauti. Karani alikuwa Mfaransa, aliandika alichokisikia kwa herufi za kwao. Juma ni Djouma. Yusufu ni Youssouf. Mwinyi utamkuta Moigni, Bwana utamkuta Boina, Bakari atakuwa Bacar, na Muhammad anaweza kuwa Madi. Na usitafute jina la ukoo, akasema, kwa sababu hakuna. Kuna jina la mtu na jina la baba, na karani mwingine huligeuza la pili likawa la kwanza. Nikachukua daftari la shule nikaliandika jina la mzee kwa kila namna ambayo sikio la Mfaransa lingeweza kulisikia. Nilifika namna 14. Ya 11, pamoja na tarakimu zile tatu zilizoponea mdomoni mwa mchwa, ndiyo iliyomtoa.

Nakala ya rejista ilinifikia kwa barua pepe alasiri ya Ramadhani. Niliifungua kwenye simu nikiwa nimesimama sokoni Darajani, na muuza ndizi akaniuliza kama nimefiwa.

Rejista ina mistari michache tu kwa mtu. Kazaliwa takriban 1896. (Kwenye ukurasa ule wote wamezaliwa takriban 1896, karani alitazama nyuso akakadiria.) Urefu wake. Alama ya kovu juu ya nyusi. Kaandikishwa Mahajanga, bandari ya Madagaska, mwishoni mwa 1916, kasafirishwa 1917, kapelekwa kwenye kikosi cha mizinga mizito, kaachiwa huru 1919. Jina la baba. Jina la mama. Mahali alipozaliwa.

Mizinga mizito! Wamadagaska wengi walipelekwa huko mwaka ule, kubeba makombora na kulisha mitutu. Katika vita ile mizinga ilikuwa hailali: kabla ya shambulio la Malmaison, Oktoba 1917, ya Wafaransa peke yake ilinguruma karibu siku sita, usiku na mchana. Nilimsomea mama mstari ule nikamtafsiria. Akanyamaza, kisha akagusa sikio lake la kushoto, taratibu, kwa ncha ya kidole. Hakusema kitu na mimi sikusema. Kwa muda wa miaka sitini walidhani mzee alikuwa na kiburi cha kuchagua nani akae wapi. Kumbe lile sikio lilibaki Ufaransa.

Kwa mjomba haikuwa rahisi hivyo. Verdun ilikuwa yake. Aliisimulia kwenye harusi na kwenye hitima. Na alikuwa na hoja, kwa sababu ngome ya Douaumont, palepale Verdun, iliyotekwa na Wajerumani Februari 1916, ilirejeshwa tarehe 24 Oktoba mwaka huohuo katika ukungu mzito na kikosi cha askari wa makoloni kilichoongezewa kombania mbili za Wasomali, na batalioni ya Wasomali hao iliundwa palepale Mahajanga. Angeweza kuwemo, alisema. Lakini Oktoba 1916 mzee wetu hajaandikishwa bado. Nilimwonyesha tarehe. Akaitazama, akavua miwani, akaniambia kwamba karatasi ya mkoloni nayo inadanganya. Nilikosea siku ile. Nilishikilia tarehe mbele ya wanawe kama mtu anayeshinda kesi, na miezi minne hakunipigia simu. Ukweli wa tarehe ungeweza kungoja tukae wawili, na chai. Nilikuja kumwomba radhi kwa kumwandikia kitu ambacho hakukijua: kwamba baba wa baba yake alibeba makombora mpaka akapoteza sikio, wala hakumwambia mtu hata mmoja. Alinijibu kwa neno moja, "Ahsante," na tangu siku ile kwenye hitima husimulia mizinga.

Sasa mahali alipozaliwa. Karani aliandika "Foumboni". Nikafurahi, nikaangalia ramani, nikaona Fomboni, mji mkuu wa kisiwa cha Mwali. Kumbe si mtu wa Moroni, ni Mmwali! Nikakusanya akiba, nikaruka Dar hadi Ngazija, nikachukua gari kuelekea kusini mpaka Chindini, na kutoka pale boti ya fiba hadi ufukwe wa Hoani, Mwali. Bahari ilikuwa mbaya, nililoa mpaka bahasha ya nakala ndani ya mifuko miwili ya plastiki.

Mwali nilikaa siku nne. Watu walinipokea vizuri, nikapelekwa kwa huyu na yule, nikionyesha jina la mzee na la baba yake. Hakuna aliyelijua. Siku ya tatu nilifikishwa kwa bibi mmoja aliyekuwa akichambua maua ya ylang-ylang kwenye ungo, mikono yote inanukia. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho. Kisha akauliza kitu kimoja, nami nikamwelewa bila mkalimani kwa vile lugha zetu ni jirani:

"Mama yake nani?"

Sikuwa na jibu. Jina la mama lilikuwamo kwenye rejista, nilishalisoma Unguja, na sikuliandika kwenye daftari langu kwa sababu sikuona litanisaidia nini. Sisi Unguja tunahesabu kwa baba: fulani bin fulani bin fulani. Nikafungua bahasha yenye unyevu pale uani kwake, nikalitafuta. Lilikuwa jina moja tu, na baada yake neno ambalo nilidhani ni jina la baba yake huyo mama, limekosewa. Bibi akaniomba nilitamke. Nikalitamka mara tatu. Akacheka, akapiga kofi ungo wake. Hilo si jina la mtu, akasema. Hilo ni jina la nyumba. Na si la huku. Huyu wako ni mtu wa Fumbuni, Ngazija.

Fumbuni na Fomboni. Herufi mbili, na mkono wa karani aliyekuwa na haraka. Fumbuni iko kusini-mashariki mwa Ngazija, si mbali na Chindini. Siku nne nyuma nilikuwa karibu na mlango wa watu wangu, nikapanda boti kuwakimbia.

Jambo ambalo kila Mngazija analijua na mimi, mjukuu wa Wangazija, sikulijua, ni hili: kule mtu huhesabiwa kwa upande wa kike. Ukoo, wanaouita inya, unapita kwa mama. Nyumba na ardhi ya manyahuli hurithiwa na binti kutoka kwa mama yake, na mwanamume akioa anahamia kwa mkewe. Dini inampa mtu jina la baba, na hilo ndilo alilolitaka mkoloni kwa makaratasi yake. Lakini mlango wa kumtambua mtu uko kwa mama. Nilikuwa nimebeba ufunguo miezi saba nikiudhani takataka ya karani.

Fumbuni sikuhitaji siku nne, wala saa nne. Kijana mmoja msikitini alisikia jina la nyumba akanishika mkono. Tukapita magofu ya ukuta wa zamani, tukaingia uchochoro wa mawe meusi ya volkano, na ndani ya ukumbi wenye mikeka akaniketisha mbele ya mama mmoja mtu mzima, mjukuu wa dada yake mzee. Nikaanza kueleza. Akaniinulia kiganja ninyamaze, akamwita binti yake, wakafungua sanduku.

Waliyemkosa wao walikuwa wakimjua vizuri kuliko sisi tuliokuwa naye. Kwao ni yule kaka aliyekwenda Farantsa asirudi. Dada yake alimngoja mpaka akafa. Sandukuni, katikati ya kurasa za kitabu cha maulidi, mlikuwa na barua iliyokunjwa mara nne, imekatika kwenye mikunjo. Herufi za Kiarabu. Binti akasema hawajui kuisoma, kwani si Kiarabu. Walishampa mwalimu akashindwa. Nikaitazama. Nilisoma chuo cha Kurani Kikwajuni mpaka nikahitimu, basi nikaanza kuunganisha herufi polepole, kwa kidole, na neno la kwanza lililotoka mdomoni mwangu lilikuwa la Kiswahili. La pili pia. Barua nzima ilikuwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama Wangazija wa zamani walivyoandikiana na masultani wao walivyowaandikia wageni. Mwalimu alitafuta Kiarabu ndani yake asikione.

Imeandikwa Unguja, mwezi wa Rajabu 1344, ambao ni mwanzoni mwa 1926. Baada ya salamu ndefu anamwambia dada yake kwamba amempa nahodha wa jahazi rupia na doti mbili za nguo, azipokee. Anamwambia yeye ni mzima isipokuwa sikio. Anamwambia amepata kazi ya upishi. (Hilo nilikuwa nalo tayari: rejista za konseli wa Ufaransa aliyekuwa Unguja zimehifadhiwa Nantes, Ufaransa, na mwaka 1921 ameandikwa humo, mpishi. Unguja ilikuwa chini ya Waingereza, na cheti cha konseli kilikuwa kinga ya Mngazija asiye na kwake.) Kisha mistari mitatu ya mwisho, ambayo niliisoma mara mbili kwa sababu ya kwanza sauti ilinikatika. Anasema hataweza kufanya ndoa kuu inayotakiwa na mji, ile yenye ng'ombe na dhahabu na karamu za siku nyingi, ambayo bila ya hiyo mwanamume wa Ngazija hahesabiwi mtu mzima hata awe na mvi. Mshahara wa vita umekwisha. Anaona haya kurudi na mikono mitupu, akae na vijana wadogo katika mkutano wa mji. Nyumba ni ya dada na binti zake, iezekwe vizuri, yeye asingojewe.

Yule mama alilia kimya, kanga mdomoni. Aliyemngoja ni bibi yake, na barua ya kumwambia asingoje alikuwa nayo ndani ya sanduku maisha yake yote.

Jioni walikuja watu wa nyumba, wakubwa kwa wadogo, na mzee mmoja akanitajia kizazi cha kike kwa kichwa: mama yake mzee, mama ya huyo, mama ya huyo, majina saba, hata moja halimo katika karatasi yoyote ya Pau au Nantes. Niliandika haraka. Nikamuuliza: na mimi ninaingia wapi? Akanitazama kwa huruma, lakini hakuniongopea. Mzee wako alizaa na mwanamke wa Unguja, akasema. Damu ni yetu, wewe ni mtoto wetu, ukija utalala hapa. Inya haikukufikia. Ilikaa kwa dada yake.

Usiku ule niliumia, siwezi kusema sikuumia. Nilikuwa nimesafiri bahari mbili kutafuta mstari wa watu ambao mimi simo. Asubuhi yule mama alinipikia mkatre wa siniya, mkate wa wali kama wetu wa sinia, akakaa kuniangalia nikila. Alikuja kwa upande wa kulia akaketi, halafu akaniuliza kama kweli kaka yao alikuwa hasikii kwa kushoto. Nikamwambia habari za kahawa iliyopoa mkononi mwa mtoto. Akacheka, akaniomba nirudie, akawaita wengine waje wasikie.

Nakala ya rejista na ya ukurasa wa Nantes nimeziacha Fumbuni. Wamezitia katika kitabu kilekile cha maulidi. Barua nimeipiga picha, na jioni baada ya magharibi namsomea mama mstari mmoja mmoja, naye ananisahihisha baadhi ya maneno, maana Kiswahili cha babu yake anakikumbuka kuliko mimi. Nishani tuliirudisha batini, kwenye kanga yake. Mjomba ameomba majina saba ya wanawake wale. Nimemwandikia kwa herufi kubwa, ili ayasome bila miwani siku ya hitima.